Watabisha Mlango wa Nani

Mjukuu wangu Karisa,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Mimi ni mzima, na mama yako amepona mguu, Jumapili alikwenda kanisani mwenyewe.

Umeniuliza kama ni sawa bwana anayewasaidia wewe na vijana wenzako kuomba ufadhili aandike jina lake kwenye nafasi ya mwombaji, kwa kuwa hamna ofisi.

Nilipoolewa kule Bofu, kikundi chetu cha akina mama kiliomba tangi la maji. Bwana mmoja mpole akajitolea kutujazia fomu. Alipomaliza, mwenzangu Kadzo akamwambia, "Tusomee, baba."

Akasoma. Jina la kikundi lilikuwa letu, lakini mwenyekiti alikuwa yeye, na anwani ilikuwa yake.

"Ni kurahisisha tu," akasema.

"Na wenye kutoa tangi wakija kututafuta, watabisha mlango wa nani?" Kadzo akamuuliza.

Akakunja uso, akasema hatuna shukrani. Wenzetu wengine waliona haya. Mimi niliogopa tumemkosea mtu mwema, na hadi leo sijui alikuwa na nia gani. Lakini tuliomba fomu nyingine, na Kadzo akaandika jina lake mwenyewe, polepole, na anwani ya kanisa.

Tulingoja jibu kwa muda mrefu. Halafu asubuhi moja afisa wa mradi wa maji akafika kanisani akimuulizia Kadzo. Tulimwita kutoka kisimani, akaja na kanga iliyolowa, akamwonyesha afisa mahali pa kuweka tangi.

Huyo bwana wenu simjui. Mwombeni awasomee alichoandika, mkiwa nyote.

Mungu akutunze.

Nyanya yako,
Dama