Nyasi za Ndunge

Jumapili, 2 Novemba 2025
Mvua ilinyesha Ijumaa mchana kutwa. Ikapasua matuta, ikateremka mtoni na udongo wangu. Leo kanisani pasta ameshukuru. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha kichwa cha Ndunge — kipya.

Ndunge ni mke wa Mulinge, mdogo wa mume wangu. Shamba lao na letu yanatengwa na ua wa miiba tu. Mvua ile ile. Lakini kwake maji yalisimama kwenye vile vishimo vya nusu mwezi alivyochimba mwaka jana. Yakakaa pale, yametulia, kama wageni waliokaribishwa.

Alhamisi, 13 Novemba
Mahindi yalimea, halafu jua. Tangu ile Ijumaa hakuna tone.

Kwake mbeetwa, nyasi ya malisho aliyopanda mwaka jana, imerudi kutoka kwa mashina ya zamani, imefunika ardhi. Mama mkwe anasema nyasi hiyo zamani iliota yenyewe hapa Nuu kote, ndama akilala ndani humwoni. Siku hizi mvua haieleweki. Kinachoota bila kupandwa ni miiba.

Nyasi tu. Sijui kwa nini kila nikitoka nje macho yanaenda huko.

Jumanne, 18 Novemba
Afisa wa kilimo amekuja kwa Ndunge na pikipiki. Na watu wengine, na simu za kupiga picha. Nilisogea karibu na ua, nikajifanya naokota kuni. Alisema mvua sasa inakuja mara moja kwa nguvu, halafu inakata. Mbegu inamea na kufa kabla mizizi haijashika. Lakini mahali maji yamezuiwa, nyasi inawahi kushika.

Kyule, mume wangu, alikuwa mbele kabisa, anatingisha kichwa kama mwanafunzi.

Wakati wa chakula akasema, "Ndunge ana akili sana."
Nikamwuliza kama anataka kumwoa na yeye.
Akacheka. Mimi sikucheka. Mbuzi wa boma hili wameongezeka kwa mikono yangu. Hajawahi kuniambia nina akili.

Jumamosi, 22 Novemba
Ng'ombe amezaa. Ndama mzuri, mama yake ni mbavu tupu. Maziwa hayatoshi.

Kyule: enda umwombe Ndunge nyasi kidogo. Nikasema nitakata majani mwenyewe. Nimezunguka mpaka nyuma ya kilima. Pale tulipokuwa tunachunga nikiwa bado mwali kwa boma hili, hapapitiki — miiba imeshikana. Nimerudi na mikono imechanika na matawi ambayo ng'ombe amenusa akaacha.

Siombi.

Jumatatu, 24 Novemba
Ndunge amejileta mwenyewe. Mzigo mkubwa mgongoni, jasho usoni.

"Mama Mbithi, hii ni ya mama wa ndama. Ikiisha uniambie."

Hata chai hakungoja. Angekuwa na maringo ningepumua. Nimemwekea ng'ombe, akala bila kuinua kichwa. Nilisimama pale nikisikiliza akitafuna, nikaona uchungu. Sasa hata ng'ombe wangu ni wake.

Jumatano, 26 Novemba
Viwavijeshi. Asubuhi nimekuta mahindi yaliyobaki yamekuwa meusi, yanatembea. Nilikanyaga, nikakanyaga, viatu vikateleza. Kufika saa sita hakuna jani.

Halafu wakaanza kuelekea kwenye ua. Wote upande mmoja.

Kyule yuko Mwingi, analala huko kwa dada yake. Ndunge ana namba ya yule afisa. Mulinge ana pampu ya dawa. Ningeita mara moja tu wangesikia — nilimwona Ndunge kabisa, anatandaza nguo, anaimba wimbo wa kwaya.

Nikaingia jikoni nikapepeta ndengu.

Jioni
Wameshavuka. Wako ukingoni tu bado, sehemu ya juu ni kijani. Nilisimama nikaangalia. Nilijiambia hata mimi hakuna aliyeniambia. Nilijiambia watakufa wenyewe kwa jua. Kisha nikasema ukweli, kwa sauti, peke yangu: acha naye ajue vile inahisi.

Haikunipa raha niliyofikiria. Lakini bado sikwenda.

Alhamisi, 27 Novemba
Kumekucha tu. Kwanza Ndunge amemwita Mungu. Halafu Mulinge. Halafu mimi.

"Mama Mbithi! Njoo unisaidie, nyasi inaisha!"

Nimeona kutoka mlangoni. Nusu ya shamba ni vijiti. Mulinge anapiga dawa upande wa juu, Ndunge anachimba mtaro wa kuwazuia, kwa jembe, bila viatu. Nimeitikia nakuja. Nimerudi ndani, nimesema natafuta jembe. Jembe liko hapa miguuni, nimelilaza nikashika kalamu.

Amekuja mpaka uani. Hajakasirika — anauliza tu, pumzi imekatika.

"Kwako wamepita? Uliwaona lini, Mama Mbithi?"

Ng'ombe amesikia sauti yake. Amesimama, analia, anadhani ameletewa nyasi.