Usilie Ukisikia Baba Anaenda kwa Miguu

Bunia, tarehe 10 Juni 1984

Mpendwa Shangazi Mbambu,

Kabla ya salamu nakuambia neno ambalo sijaambia mutu: mimi niko nakimbia. Si kukimbia nyumba, usishituke. Nakimbia tu, na miguu yangu, kila asubuhi kungali giza, na hakuna anayejua. Masomoni tunaandika Kifaransa, lakini neno hili nikiliandika kwa Kifaransa linakuwa kama kazi ya mwalimu. Nimeliandika kwa lugha yetu ya nyumbani, na sasa siwezi tena kulirudisha.

Haya, pokea salamu nyingi. Uko namna gani? Goti lako limepona? Na mvua huko Butembo, imewaachia kuvuna maharagi? Siye huku tuko wazima, isipokuwa jambo la Baba ambalo nitakueleza polepole, sababu naogopa habari ya uwongo ilishakufikia. Wachofa wanaoendesha malori hawabebaki sako za mizigo bila kubeba na maneno. Kama walikuambia kuko matanga kwetu, haiko kweli. Ndugu yako anaishi. Ametoka misani, amekula, na sasa hivi namusikia anakoroma chumba cha pili.

Nianze na kukimbia. Bomba letu linakaukaka, basi mimi ndiye natumwa kwenye chemchemi na bidoni ya kuchotea maji. Siku moja nilichelewa, nikakimbia njia yote. Nilipofika chini kifua kilikuwa kinawaka na miguu inatetemeka, lakini kichwa kilikuwa chepesi kama nimetua mzigo ambao sikujua ninaubeba. Weye unanijua: mwalimu akiniita, sauti inabaki tumboni. Ile asubuhi aliniita, nikasimama, nikajibu mpaka mwisho, na Monique tunayekaa naye dawati moja alinitazama kama mgeni.

Tangu hapo sijaacha. Nafunga kikwembe kiunoni juu ya kaptula ya kaka Mbusa. Kwenye chemchemi navua kikwembe, nafunika nacho bidoni kwenye majani, na nakimbia njia ya mto Shari mpaka darajani na kurudi. Mwanzo nilikuwa nahema kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Sasa napanda kilima huku nikikariri masomo kimoyomoyo. Kuna mbwa wa Baudouin, fundi wa matofali, alikuwa ananifukuza. Siku hizi ananisindikiza, tukifika darajani anarudi kulala. Mama anashangaa tu kwa nini nakula viazi hivi, na kwa nini sisinzii tena kwenye mahubiri.

Sasa Baba. Mwezi wa tatu alishikwa na kizunguzungu dukani. Munganga alimupima mkono, akakuta tansio, presha ya damu, na ya juu. Alimwambia apunguze chumvi na mafuta, na kila siku atembee kwa miguu. Ya chumvi na mafuta Mama alisikia. Sombe yetu ya majani ya mihogo haielei tena kwenye mawese, maharagi ni ya kuchemsha, na Mbusa analalamika ya kwamba tumekuwa sungura. Lakini kutembea, Baba alikataa. Toka nyumbani mpaka dukani muwa mmoja haujaisha mdomoni, na yeye anawasha kamioneti, gari lake. Hata salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, anatumaka mutu wa kulima kwa jina lake. Anasema yeye na weye mulibeba viazi mgongoni toka milimani mpaka sokoni Butembo, na miguu yake ilishamaliza kazi. Sasa ni zamu ya magurudumu.

Hatukumubishia. Kisha mwezi uliopita Mzee Alphonse, anayeuza pembeni ya duka letu, alianguka juu ya sako za mchele. Alikuwa na tansio ile ile. Mdomo wake umepinda, mkono wa kuume haushiki kitu, bibi yake anamulisha na kijiko. Baba alienda kumutazama. Kesho yake akavaa koti lake la zamani, akaacha funguo za gari mezani, akatoka kwa miguu.

Weye umesahau watu wa huku. Muchuuzi mwenye gari haonekanaki kwa miguu asubuhi, isipokuwa gari limekufa ao mutu amekufa. Na Baba alikuwa anaenda polepole, kichwa chini, sababu ya mashimo. Wa kwanza kukutana naye ni Constant, mwenye mashine ya kusaga mihogo. Alimuuliza gari limefia wapi. Baba akajibu gari liko zima, liko nyumbani. Basi, kama gari liko zima, ni mutu. Constant alivua kofia, akamushika mkono na mikono miwili, akasema pole sana Patron, tutakuja. Na Baba, badala ya kuuliza watakuja wapi, alisema asante. Alifikiri anapewa pole ya tansio.

Kabla ya saa sita wakaanza kufika. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaona jirani yetu Mama Alphonsine na wamama wa kanisa wanaingia uani, kuni kichwani, mikeka kwapani, wanalia kwa sauti. Mama kuona watu wanalia, naye akalia, bila kujua anamulilia nani. Mimi nilikuwa naona wazi kuko kosa, na nilitaka kusema, lakini sauti ilibaki tumboni kama zamani. Moto ulishawaka, viti vilishapangwa, wanaume wanafunga turubai, wakati Baba alirudi, vumbi mpaka magotini, akakuta matanga kwake.

Mama Alphonsine alimutazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Basi, Patron, ni nani amekufa?"

"Hakuna. Ni mimi natembea."

Walicheka mpaka kuni zikaisha. Chakula cha matanga kililiwa. Sokoni mpaka leo wanamuuliza maiti anaendelea namna gani. Baba alicheka pamoja nao, ila kesho yake aliwasha kamioneti, na toka siku ile hajatembea tena.

Mimi sikucheka, Shangazi. Watu walipokuwa wanakunja mikeka nilimuona peke yake mlangoni, anatazama viatu vyake vyenye vumbi, na uso wake ulikuwa kama wangu ninaouona kwenye maji ya chemchemi nikimaliza kukimbia. Alikuwa ameusikia ule wepesi wa kichwa. Kilichomushinda si miguu, ni macho ya watu. Na macho ya watu, hayo mimi nayajua kuliko mutu yeyote hapa nyumbani. Nayaogopa toka nimezaliwa, na nilishagundua saa ambayo yanalala.

Kwa hiyo nimekata shauri kumwambia tuende wote. Toka majuzi nalikata, na kila mara naliahirisha, sababu nikimwambia hivyo ni lazima ajue binti yake anatokaka gizani, na kaptula ya kaka yake. Anaweza kukasirika. Maji yatapewa Mbusa, na njia yangu ya Shari itaisha. Nimewaza hayo yote. Halafu nawaza kijiko cha bibi ya Mzee Alphonse, namna anavyopangusa kidevu cha bwana yake, na naona heri nipoteze njia.

Kukoroma kumeacha. Nasikia kandambili zake kwenye simenti, anakuja upande huu. Siku zote nikisikia hivyo nafunika karatasi na kitabu cha hesabu. Kitabu kiko hapa, karibu na mkono. Leo sifuniki.

Nimerudi, Shangazi.

Aliuliza naandikia nani. Nikasema weye. Akasema nikusalimie, akageuka kutoka. Nikasimama.

"Baba, mimi nakimbiaka kila asubuhi mpaka daraja la Shari. Kungali giza, hakuna mutu anaonaka. Twende wote."

Alikaa juu ya kitanda changu. Aliuliza navaa nini, nikamwambia. Alifunga macho, na mimi nikajua imekwisha. Lakini nilikuwa nimeshaanza, basi nikamaliza.

"Sitaki kukulisha na kijiko, Baba."

Sijasema neno kubwa hivyo maisha yangu yote. Alifungua macho. Kisha akauliza:

"Kuko mbwa kule?"

"Kuko moja. Tunajuana."

"Saa ngapi?"

Nikamwambia saa. Akasema kikwembe sitavua mpaka tupite nyumba za watu zote, na yeye hatakimbia, atatembea tu, nisimuharakishe. Akasema tena Mama Alphonsine asijue. Sasa hivi yuko anamuuliza Mama viatu vyake vya raba viko wapi, na anaongea chini chini kama mwizi.

Nafunga hapa. Nisalimie mjomba Xavier, na Tharcisse, na mutoto Camille umubusu mashavu yote mawili. Mama anakusalimia, na Mbusa pia, ambaye hajui kaptula yake inafika wapi. Na weye, goti likipona, zunguka kidogo asubuhi mpaka kanisani na kurudi, ili siku ukija huku tuwe watatu. Mungu akushike mkono kwenye milima yako, na siye atushike kwenye kilima chetu.

Na kama mchofa anakuambia ya kwamba walimuona ndugu yako kwa miguu njia ya Shari, kungali giza, mutoto mbele na mbwa nyuma, usilie, Shangazi. Usitafute lori. Usikusanye kuni.

Ni mimi mutoto wako, mwenye kukupenda na kuamka mapema,

Kavira