Msumeno Ulionunuliwa kama Mbuzi

Kanamkemer, Lodwar
2013

Mama,

Ejok, kwa salamu ya kwenu. Najua ungeniuliza kwanza habari za mbuzi, kisha watoto, kisha mwanao, kwa mpangilio huo huo. Basi mbuzi wazima, na yule mweusi wa pembe iliyopinda amezaa pacha. Watoto wanakula na kukuulizia. Mwanao Ekal amekonda kidogo, lakini bodaboda yake inakwenda na bado anakoroma. Mimi ndiye sijambo nusu. Tangu tukuzike kabla ya Krismasi, kila asubuhi namimina kikombe kimoja cha chai zaidi, halafu nakinywa mwenyewe huku nimenuna.

Lodwar imebadilika, Mama. Siku hizi tuna kaunti yetu na gavana wetu, na penye watu wawili wanaongea mafuta, mafuta yaliyopatikana ardhini. Mimi nikisikia mafuta nakumbuka kopo lako, nacheka peke yangu njiani. Wapita njia wanafikiri nimerukwa na akili.

Nimekuandikia kwa sababu ya msumeno wako.

Unakumbuka tulivyoununua? Mathenge, ile miti ya miiba iliyoletwa na wageni, ilikuwa imeizingira miti yako ya ewoi kando ya mto Turkwel, ile ya ukoo wa mzee wako, na mbuzi hawakuweza kuyafikia maganda yake yanapodondoka. Wakawa wanakula maganda matamu ya mathenge, na meno yao yakaoza. Ukauza wawili, ukaniambia, "Nakiru, mbuzi yangu imepoteza meno. Twende Kakuma tununue meno ingine." Kwetu Kitale naitwa Nafula, mtoto wa mvua, lakini wewe ulilihamishia jina langu kwenye lugha yako siku niliyoolewa, wala hukuniuliza. Nilidhani safari ile ni mzaha mpaka tulipofika kambi ya wakimbizi kwa yule seremala Mkongo, aliyekuwa akiuza pawaso yake kuukuu, huu msumeno wa injini.

Alianza kuisifu. "Mama, hii masini iko muzima kabisa." Wewe uliweka kiganja juu ya injini ukaikuta ina joto, ukaniambia kwamba huyu amekimbizwa asubuhi ili aonekane ana nguvu, kama wafanyavyo wauza mbuzi wagonjwa, kwa hiyo tungoje apoe. Tukakaa kivulini hadi chuma kikapoa. Ukapitisha kidole kwenye meno ya mnyororo, ukayakuta yaliyovunjika, ukashusha bei. Ukaupindua kuangalia tumbo kama linavuja. Mimi nikauinua kwa kamba yake ya kuwashia, kama baba yangu alivyonifundisha, nikauona unashuka polepole badala ya kuanguka. Nikajua injini bado ina pumzi. Seremala alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama, hii ni masini, haiko mbuzi!" Nawe ukamwambia, "Yote inakula. Yote inakufa." Ulipowaka ukiwa baridi, tukaufunga kwa leso yako tukarudi nao nyumbani.

Ekal alitaka aushike yeye. Ukamkatalia mbele ya majirani. "Ekal ana haraka. Haraka na meno haikai nyumba moja." Ukanipa mimi, binti wa mkata miti, na wewe ukatangulia na fimbo yako: hii kata, hii acha, hii kata. Jioni nilikuwa naufungua, natoa vumbi la mbao, nakung'uta mchanga kwenye chujio la hewa, kisha nanoa jino baada ya jino kwa tupa. Wewe ulikaa kando unanisimulia umbea wa Kanamkemer nzima. Mama, hayo ndiyo maongezi ninayoyakosa kuliko yote.

Na siku ile msumeno uliponiteleza ukaijeruhi ewoi! Nilitaka ardhi inimeze. Hukunigombeza. Ulileta tope la mto, ukalikanda lile jeraha, ukauambia mti, "Msamehe, ni mgeni, anajifunza." Kovu bado lipo, na mimi huligusa kila nikipita.

Ila kuhusu mafuta tuligombana kila wiki. Mnyororo unahitaji mafuta yake ili usiungue, na mimi nilikuomba tununue yale ya dukani yenye kazi hiyo. Wewe ukamimina ya kupikia kutoka kwenye kopo la jikoni. "Mafuta inalainisha tumbo ya mtu, itashindwa na chuma?" Basi tukawa tunakata mathenge huku mto mzima unanukia chapati. Jirani zako walikuja kuuliza kuna sherehe gani. Nilikuonya kwamba baba alisema mafuta ya kupikia yanaganda yakikaa. Ukanijibu kwamba kwako hayatapata nafasi ya kukaa.

Halafu ukafa, Mama, na yakakaa.

Hakuna aliyethubutu kuugusa msumeno. Ulilala chini ya kitanda chako miezi yote hiyo. Maganda ya ewoi yalipokaribia kuanguka Ekal akautoa. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, lakini mnyororo haukusogea hata kidogo. Akaupeleka kwa fundi mjini, naye akasema umekufa, auuze kama vyuma. Ekal akakubali upesi mno. "Umemfuata Mama," akasema, na akamwambia mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi.

Nilikasirika, Mama, nikasema maneno. Mathenge ilikuwa imechipua tena kuzunguka miti yako. Msimu huu ungepita hivi hivi, mbuzi wangerudi kwenye yale maganda ya kuwang'oa meno, na kazi yetu yote ingekuwa bure. Tena, nikwambie ukweli, sikutaka kitu chako kingine chochote kiitwe maiti.

Ijumaa niliufungua. Chini ya kifuniko nilikuta ukoko, Mama, ukoko wa kahawia mgumu kama ule wa sufuria ya ugali, umeshika kila kiungo cha mnyororo. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Hakuna kilichokufa. Ni mafuta yako tu yaliyoganda! Nikauloweka mnyororo kwenye karai la mafuta ya taa, nikakwangua mfereji wake kwa waya, na kile kitundu kidogo cha kupitishia mafuta nikakizibua kwa mwiba wa mathenge. Nikanoa meno yote. Ukafika wakati wa kujaza. Chupa ya mafuta ya dukani nilikuwa nimeshainunua, ipo mezani, haijafunguliwa. Niliiacha hapo hapo. Kisha nikaingia jikoni nikachukua kopo lako.

Ekal alinifuata mtoni akiwa amekunja mikono, kama mtu anayekwenda kushuhudia mwenziwe akiaibika. Nikavuta kamba. Ukakohoa, ukawaka. Nikauingiza kwenye shina la kwanza la mathenge, mnyororo ukapata joto, na ile harufu ikatoka.

Unajua Ekal hakulia mazishini. Alipokea wageni, akagawa chai, akashukuru kila mtu kwa sauti ya chifu. Siku ile alisimama, akanusa, akasema, "Mama anapika." Akaketi juu ya kisiki, akalia kama mtoto. Mimi sikuzima msumeno. Niliendelea kukata ili apate kulia bila kusikika, na mimi pia.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alikuja, Ekal akampa chai na kumrudisha alikotoka. Sasa miti yako iko wazi, Mama. Maganda yanaanguka na mbuzi wanayaokota, hata yule kibogoyo mzee anajaribu. Ekal ndiye anayetufikisha mtoni kwa bodaboda, na kopo analifunga yeye mwenyewe nyuma ya kiti. Hajaniomba kuushika msumeno. Ameokota fimbo yako, anatangulia, ananionyesha: hii kata, hii acha. Mara nyingi anakosea, nami nakata ninachojua.

Kwaheri, Mama. Nimekubali kwamba mafuta yako hayana ubaya, yana sharti moja tu, kwamba kazi isisimame. Sisi tulisimama kwa ajili ya msiba wako, na hukuwahi kutufundisha hivyo. Nakuahidi, mathenge ikiisha kwako nitahamia kwa jirani, na kwa jirani ikiisha nitavuka mto. Lala wewe, umechoka. Msumeno hautalala tena.

Mimi wako,
Nakiru