Jini la Samuye

Shinyanga, Alhamisi

Mama, shikamoo. Natumaini goti limepoa.

Nakuandikia kwa aibu. Juzi kijijini Samuye niliwaeleza wakulima wa pamba habari za mbegu mpya zinazotafitiwa ng'ambo. Nikasema mbegu inapakwa dawa kabla ya kuuzwa, na dawa hiyo huamsha jeni, yaani chembe ya urithi, iliyopandikizwa ndani yake. Bibi mmoja, Kabula, akasimama. "Jini gani huyo anaamshwa kwa dawa?" Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Yeye hakucheka. "Akishaamka, mbegu nitakazovuna zitaota?"

Nilijua hazioti. Ndiyo kazi ya jeni hiyo, mkulima anunue upya kila msimu. Lakini mkubwa wangu wa kazi alikuwa amekaa pale, akinitazama. Nikajibu, "Zitaota, mayu," nikimwita mama kwa Kisukuma.

Baada ya mkutano bibi huyohuyo akanikaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Juu ya meko yake yalining'inia masuke ya mtama, mbegu aliyoachiwa na mama yake. Nikaweka chakula chini. "Nimekudanganya," nikamwambia. "Hazioti."

Akasema, "Umenicheka mbele ya watu, ukweli unaniletea jikoni?"

Jana nilirudi, nikawaambia watu walewale. Mkubwa wangu hanisemeshi. Bibi Kabula aliitikia salamu yangu, akachukua jembe, akaenda zake.

Mama, ulinisomesha kwa mahindi yako. Niombee, na uwabusu watoto wa dada.

Mwanao,
Idrisa