Makofi Mbele ya Tribinali ya Zamani

Yaya Masika, dada yangu mkubwa, jambo sana huko Butembo!

Leo nilichoka kutembea, nikakaa kwenye ngazi za mawe ya volkano, mbele ya tribinali ya zamani ya Goma. Mama nisiyemjua akakaa kando yangu, akanigawia sambaza zake, samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga. Nikala. Wapita njia wakapiga makofi: "Wamepatana!"

Mama akacheka mpaka machozi. "Hapa zamani wenye kesi walikuwa wanakula pamoja kabla ya kuitwa na juji. Mutu akikula na mwenzake, kesi imeisha! Ndiyo maana tumekataa ngazi zetu zibomolewe."

Yaya, tangu uchome kitenge changu kwa pasi hatusemezani. Njoo Goma. Sambaza nitanunua mimi, watupigie makofi!

Mudogo wako,
Kavira