Unga wa Kokwa za Zambarau

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako imenifikia pamoja na barua. Huku sote wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na hitima ya babu yako ilisomwa vizuri, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama unga wa kokwa za zambarau, mnaoupima huko chuoni, unashusha sukari kweli. Babu yako aliupima hapa mtaani kwetu Malindi, miaka michache baada ya Mapinduzi, alipokuwa akifanya kazi maabara ya hospitali. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa na kisukari, akataka kuacha sindano anywe unga huo tu. Babu akamsihi asiache kwanza. Kila asubuhi akichemsha mkojo wa mama yake pamoja na dawa ya buluu. Sukari ikizidi, rangi hugeuka nyekundu kama tofali, na ikawa nyekundu wiki nzima.

"Mama, unga unakunywa?"

"Nnakunywa! Mchungu huo, bila ya kipande cha halua haushuki."

Babu alicheka mpaka akakaa chini. "Basi tumepima halua, mama!"

Halua ikaachwa, rangi ikawa kijani, yaani sukari imepungua. Bi Mwanakombo akashangilia, "Umeona? Sindano basi!"

"Ni unga, au ni kuacha halua? Sijui, mama."

Bi Mwanakombo akapandisha mkono wa nguo yake. Mwanawe msomi hakuwahi kumwambia hivyo.

"Haya, nichome. Ukishajua utanambia."

Babu hakujua mpaka mwisho. Lakini mama yake aliishi hata akamlea baba yako, nami namshukuru Mungu kwa "sijui" ile.

Bibi yako,
Zuhura