Sekunde Tisa za Davis

Shirimatunda, Moshi
8 Desemba 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini umeamka salama, na kifua cha mama kimepoa tangu baridi ya huko Mkuu ilipopungua. Kahawa imekauka vizuri mwaka huu? Huku kwetu sote tu wazima. Watoto wamefunga shule na wanamaliza ndizi haraka kuliko ninavyoweza kununua. Barua yako Pamela aliniletea Jumapili iliyopita baada ya misa. Nimeisoma mara tatu, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Umesema huelewi inakuwaje watoto wako wawili wasisalimiane kwa ajili ya mpira. Hujawahi kuuona mchezo wenyewe, kwa hiyo nitaanza na kanuni. Katika mpira wa kikapu, kocha akitaka mchezo usimame kidogo azungumze na watu wake, hamwombi mwamuzi. Huenda mwenyewe kwenye meza ya waandishi na kuonyesha ishara kwa mikono. Nafasi ikipatikana, mwandishi hugonga kengele, ndipo mwamuzi husimamisha mchezo. Timu ikifungwa, kocha wake hupewa muda huo mradi aliuomba kabla mpira haujatoka mkononi mwa mfungaji. Akiomba baada ya hapo, amechelewa.

Mwezi wa tisa ilichezwa fainali ya mkoa. Davis alikuwa kocha wa vijana wa kiwandani. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na mwenye mali mpya alikuwa ametamka kwamba timu isipokwenda mashindano ya taifa ataivunja. Mwamuzi aliyepangwa aliugua malaria, na sisi waamuzi ni wachache, nikawekwa mimi. Wiki nzima watu walisema sokoni, nikiwa nasikia, kwamba dada atambeba mdogo wake.

Vijana wa Davis waliongoza kwa pointi moja hadi zikabaki sekunde tisa. Hapo wapinzani wakafunga. Magdalena, mwandishi wa meza, aligonga kengele, maana Davis alikuwa amesimama mbele yake. Mimi nikapunga mkono mchezo uendelee. Wachezaji wake walikuwa wamekwisha simama, wakijua kengele ni yao. Nahodha wao, Primus, alikuwa anatembea kuelekea kwenye benchi. Walipogundua, muda ulikuwa umekwisha.

Davis alinijia mbio. Alisema, “Dada, niliomba! Muulize Magdalena!” Magdalena alisema ni kweli, aliomba mapema. Nikamjibu Davis kwamba amechelewa, na kwamba uwanjani mimi si dada yake. Akaipiga meza teke, karatasi zikatawanyika. Niliandika ripoti jioni ile ile, na chama cha mkoa kikamfungia mwaka mmoja. Timu ilivunjwa kabla mwezi haujaisha. Primus na wenzake watatu walipunguzwa kazi. Nasikia Primus sasa anabeba mizigo mpakani Tarakea.

Hayo unayajua, angalau kwa kusikia. Lililobaki hulijui.

Davis hakuchelewa, Baba. Nilimwona. Mpira ulikuwa bado mikononi mwa mfungaji, na Davis alikuwa mezani, mikono juu. Kengele pia niliisikia vizuri. Sikuchanganyikiwa, wala macho hayakunidanganya. Niliwafikiria wale watu wa sokoni, nikataka waone kwamba Yuditha hana ndugu uwanjani. Kesho yake walinisifu, na mimi nikapokea sifa.

Jana nilikwenda kwa katibu wa chama, nikaandika maelezo yangu na kutia saini. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema matokeo hayawezi kubadilishwa tena, adhabu ya Davis itaangaliwa upya, na mimi nirudishe filimbi na kitambulisho. Nimevirudisha.

Sasa naja kwenye agizo lako. Umeandika kwamba umemwamuru Davis aniletee jani la isale siku ya Krismasi, aniombe radhi mbele ya ukoo, kwa kuwa ndiye aliyepiga meza teke. Nakuomba umzuie. Jani hilo hukatwa na mkosaji. Nitafika tarehe ishirini na tatu, nitalikata mwenyewe mpakani mwa kihamba chetu cha migomba na kumpelekea nyumbani kwake. Lakini najua, kama unavyojua wewe, kwamba aliyeletewa isale hawezi kukataa. Kwa hiyo msomee Davis barua hii kabla sijafika. Kama hataki kuniona, apate siku za kuondoka, asije akalazimika kunisamehe.

Nisalimie mama, na shangazi Lukresia umwambie dawa yake ya miguu nimeipata, nitakuja nayo. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Ni mimi mwanao,
Yuditha